Mashine Mpya, Damu Ileile

Habari za mashine mpya za maabara mmezisikia wiki nzima. Utepe umekatwa, hotuba zimetolewa. Kinachotutia wasiwasi sisi wa redio hii ni damu yenyewe, kabla haijafika kwenye hizo mashine.

Mashine hupima ilicholetewa. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kuwa zaidi ya nusu ya makosa ya vipimo hutokea kabla sampuli haijapimwa. Wodini. Koridoni. Juu ya bodaboda.

Mashine hupima ilicholetewa. Damu ikivutwa kwa nguvu au ikitikiswa ovyo, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga potasiamu, na karatasi ya majibu itasema moyo wa mgonjwa uko hatarini. Damu ya chupa yenye kifuniko cha zambarau ikimiminwa kwenye chupa nyingine, dawa ya kuzuia kuganda inahamia nayo. Potasiamu inapanda, kalsiamu inashuka, na mgonjwa hana hili wala lile. Sampuli ya sukari ikilala mezani saa kadhaa kwenye chupa ya kawaida, chembe zinaendelea kuila sukari hiyo, na mwenye kisukari anaambiwa yuko salama. Damu ikitolewa kwenye mkono wenye dripu, kinachopimwa ni dripu.

Na chupa ikibandikwa jina la mgonjwa wa kitanda cha pili? Mashine haijui. Mgonjwa huyo akiongezewa damu ya kundi lisilo lake, anaweza kufa.

Tumelisema hapa, na leo tunalisema tena: fedha za mashine hupatikana, fedha za chupa, lebo na kisanduku cha baridi hazipatikani. Muuguzi mmoja ana wodi nzima, tena atoe damu, aandike, na aipeleke mwenyewe maabara. Boksi la lebo halikatiwi utepe. Mafunzo ya kutoa damu hayapigiwi picha. Ndiyo maana kila mwaka tunapokea mashine, na kila mwaka mgonjwa anaambiwa arudi kesho atolewe damu upya, kama ana nauli ya kurudi.

Waganga wafawidhi, wekeni chupa na lebo kwenye bajeti zenu kwanza! Wauguzi, mwacheni mgonjwa ajitaje kwa kinywa chake, kisha andikeni jina palepale kitandani, si baadaye, si mezani. Wataalamu wa maabara, sampuli mbovu ikataeni, hata daktari akifoka. Wakubwa wa afya, mkija tena na mkasi wa kukata utepe, njooni na chupa.

Nawe msikilizaji, ukitolewa damu, usinyanyuke kabla hujaliona jina lako kwenye chupa. Uliza, wala usione haya. Damu ni yako, na dawa utakayopewa kwa majibu hayo utaimeza wewe.