Meya Aliyewapa Wasanii Barabara

Nimepewa dakika mbili, kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Mwaka 1995 pale Bogotá, Kolombia, meya mpya Antanas Mockus alikuta trafiki wa jiji wamezoea rushwa. Alivunja kikosi chao, na pia aliweka barabarani wasanii waliopaka nyuso rangi nyeupe. Hawakuwa na silaha wala kitabu cha faini, na hawakusema neno. Dereva akisimama juu ya zebra, wanamuigiza mpaka barabara nzima inamcheka. Watu wakaanza kuheshimu kivuko kwa aibu tu. Na pale mtembea kwa miguu alipogongwa akafa, palichorwa nyota.

Sasa mtaniambia, dada, mbona hata sisi tunayo matamasha? Kweli. Ila Mockus aligombea 1994 bila chama, na wananchi wenyewe ndio waliompa kura. Alipowaambia wabadilike, alikuwa anaongea na waajiri wake.

Hapa kwetu Tanzania meya anachaguliwa na madiwani, na mkurugenzi wa jiji anateuliwa na Rais. Meya anaweza kuwa na wazo zuri, lakini saini ya malipo ni ya mkurugenzi. Mimi nasoma sheria, nawaambia ukweli: hilo haliponi kwa ngoma. Tamasha bila mamlaka ya wananchi ni mapambo tu.

Ajenda yetu iwe moja: meya tumchague wenyewe. Halafu ndo tuwaite wasanii.