Kesha la Ng'ambo

Tumsifu Yesu Kristo! Na ndugu zetu Waislamu, asalaam alaikum.

Mmeitikia "milele, amina" kwa mazoea, kama tulivyofundishwa tukiwa wadogo. Wazee wangu, naomba jioni hii tukae kidogo na neno hilo, milele.

Nimekuja kwa miguu kupitia daraja la kati la hapa Basel. Mto Rhine ulipata daraja mahali pale karibu miaka 800 iliyopita. Kwetu, kati ya Ifakara na Ulanga, tulivuka Mto Kilombero kwa mitumbwi na vivuko mpaka lilipojengwa daraja la mita 384, lililozinduliwa rasmi mwaka 2018. Tunapolalamika kwamba tumechelewa, wenzetu hututuliza kwa Zaburi ya 90: kwa Mungu, miaka elfu ni kama kesha moja la usiku. Kurani nayo, katika Sura ya Al-Hajj, inagusa hesabu hiyo.

Lakini mimi kesha moja nalijua. Masika moja, bibi yangu mzaa mama aliugua ghafla upande wa Ulanga. Maji yalikuwa yamemeza majaruba ya mpunga, mto haukuvukika gizani, na hospitali iko ng'ambo. Mama alimpakata usiku kucha, akisikiliza majogoo. Kabla hakujapambazuka, bibi akakata roho. Msibani watu walisema Mungu hachelewi. Mama hakuitikia.

Baadaye sana nilisoma vizuri Waraka wa Pili wa Petro, sura ya 3. Petro haishii kwenye miaka elfu kuwa kama siku. Anaanza upande wa pili: siku moja ni kama miaka elfu. Hapo huwa tunapapita haraka, nami naona ndipo penye uzito. Mungu haoni karne zetu kuwa fupi tu. Usiku mmoja wa mama mmoja nao ni mrefu mbele zake. Sisi tumeuacha nyuma. Yeye hajauacha.

Mama yangu yu hai. Kila basi alilopanda likipita daraja la Kilombero, huinamisha kichwa na kumwombea bibi avuke salama. Nilimwuliza, "Mama, si alishafariki?"

Akanijibu, "Kwako wewe, mwanangu. Mungu bado yuko naye pale ukingoni."

Leo nilipofika katikati ya daraja la hapa, nami nilisimama, nikainamisha kichwa.