Chekechea Si Majengo Pekee

Katiba ya Kenya ya 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa kaunti, na kila kaunti inapojisifu hututajia madarasa iliyojenga. Madarasa yanahitajika, hilo halina ubishi. Lakini mtoto wa miaka minne hafunzwi na ukuta.

Mombasa ililijua hili mapema. Katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said, akisaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, alianzisha chekechea za Madrasa, mpango uliovuka baadaye hadi Zanzibar na Uganda. Vifaa vyake vilitoka papo hapo mtaani: vifuu, vizibo vya chupa, vitambaa.

Mtoto anayepanga vizibo kwa rangi ameshaingia kwenye hisabati. Analinganisha, anatenganisha, na siku moja anagundua kuwa vizibo saba hubaki saba hata ukivitawanya. Wawili wanaopika ugali wa mchanga wanajifunza kungoja zamu, na kusema wanachotaka bila kupigana. Mwalimu naye hakai tu akitazama. Anauliza, "Hiki umekiweka hapa kwa nini?" kisha anasubiri, na kusubiri huko ndiko kazi yenyewe.

Jioni mzazi hudai daftari lililojaa herufi. Hofu yake naielewa, kwani anataka mwanawe asiachwe nyuma. Ila vidole ambavyo havijafinyanga udongo vitaishikaje penseli?

Bajeti zijazo za kaunti zianze na walimu hawa, ambao wengi wao wangali kwenye kandarasi za mishahara duni.