Lalamiko Dhidi ya Askari na Rekodi Yake



Huduma ya polisi ni huduma ya umma, nayo hugharamiwa kwa kodi zetu. Anayedhuriwa nayo ana haki ya kulalamika, kama alivyo na haki ya kulalamikia ankara ya maji. Ugumu uliopo ni kwamba mafaili ya nidhamu ya askari hubaki ndani ya Jeshi la Polisi. Rekodi ambayo raia yeyote aweza kuisoma hupatikana zaidi mahakamani, na huanza na karatasi ya mlalamikaji mwenyewe.

Mfano mkubwa umo mkoani humu. Mwaka 2001 wakazi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa moto. Watu 135, wakisaidiwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, walilalamika kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume iliona kuwa wameonewa, ikapendekeza walipwe fidia. Serikali haikutekeleza. Mahakama Kuu ikajiona haina uwezo wa kulazimisha utekelezaji. Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Madai Na. 88 ya 2006, ikaamua kwamba uwezo huo upo. Kwa hukumu hiyo, lalamiko la wanakijiji limekuwa ngao ya Watanzania wengine.

Kwa jirani zetu wa Nyamongo mambo yalikwenda vingine. Wakazi waliodai kwamba polisi na walinzi katika mgodi wa North Mara waliwaua ndugu zao au kuwajeruhi wao wenyewe walifungua madai London mwaka 2013 dhidi ya kampuni, yakamalizwa kwa maridhiano mwaka 2015. Siwalaumu hata kidogo, maana mgonjwa na mjane hawawezi kungoja miaka. Lakini maridhiano hayaachi hukumu ya kumsaidia anayefuata.

Ukijeruhiwa, omba fomu ya PF3 na namba ya taarifa yako, ile tuiitayo RB. Naam, fomu hiyo hutolewa na polisi wale wale. Ukiogopa kituo kilichokudhuru, nenda kingine, ukiwa na ndugu wa kushuhudia. Tunza nakala ya kila karatasi ya hospitali. Andika tarehe, saa na mahali siku hiyo hiyo, kabla kumbukumbu haijafifia.

Tume haitozi ada kupokea lalamiko. Ukiamua kudai fidia mahakamani kwa madhara uliyotendewa, sheria inakupa miaka 3 tangu tukio, na ni lazima kwanza uipe Serikali taarifa ya siku 90. Watu wengi hukwama hapo, kwa kuwa huja kwetu mwaka wa tatu ukiwa ukingoni. Taarifa hiyo huandikwa kwa wizara au idara inayohusika, na nakala yake hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali.