Si Uvivu, Ni Mwili Unakua

(Mawaidha kwa vijana na wazazi, Migwani)



Vijana wenzangu, nanyi wazazi wetu, leo tuongee jambo linaloleta ugomvi majumbani kila Ramadhani. Mvulana wa miaka 14 amefunga. Saa tisa alasiri anatumwa maji mtoni, anarudi miguu inamtetemeka. Baba anafoka: "Kijana mkubwa hivi, kazi ni uvivu tu!" Je, ni kweli?

Sasa tuelewane. Kijana akibaleghe, mifupa hurefuka kwanza. Nguvu za misuli hufuata baadaye, mara nyingi kama mwaka mmoja nyuma. Utamwona analingana na baba yake kwa urefu, nguvu bado. Jerikeni la lita 20 ni kilo 20. Kwa mvulana wa kilo 45, hiyo ni karibu nusu ya uzito wake! Punda wetu akichoka tunampunguzia mzigo; mtoto je?

Abdullah bin Umar (r.a.) alipojitokeza kwa vita vya Uhud akiwa na miaka 14, Mtume (s.a.w.) hakumruhusu. Kwenye vita vya Handaki, akiwa na miaka 15, akamruhusu. Kungoja akue haikuwa aibu.

Tuje kwenye saumu. Huku kwetu mtu hufunga saa 13 na zaidi kidogo. Misuli hutumia akiba inayotokana na chakula cha usiku. Aliyekosa daku huanza siku na akiba pungufu. Halafu maji: mvulana wa kilo 50 akipoteza lita moja ya jasho, tayari huchoka haraka. Na umri huo unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Ukikesha na simu, usiilaumu saumu.

Basi tufanye hivi. Daku iwe muthokoi, ndengu au uji wa mtama, si chai tupu, na icheleweshwe kama ilivyo sunna. Maji yanywewe kidogo kidogo tangu futari. Kuchota maji na kuchimba matuta kufanywe asubuhi mapema. Mpira uchezwe magharibi ikikaribia.

Wazazi, kijana akishikwa na kizunguzungu kikali, akizimia au akichanganyikiwa, msimwambie "vumilia". Afungue, anywe maji, apelekwe hospitali. Suratul Baqara, aya ya 184, imemruhusu mgonjwa. Atalipa siku nyingine. Na uchovu usioisha hata baada ya Idi, apimwe damu.

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu na awape vijana wetu afya. Amin.