Lori la Chama Linapolala Gereji

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Mkoa wa Singida



Katika mkoa huu mavuno hayamngoji mtu. Alizeti ya Iramba, Mkalama na Ikungi huanza kuvunwa mnamo mwezi wa Mei, na kutoka hapo hadi Julai magari ya wanunuzi hupita kijiji hadi kijiji. Chama chenye lori linalotembea hukusanya mazao ya wanachama, huyapima kwa mizani yake na kuyafikisha kiwandani au ghalani. Chama ambacho lori lake limelala gereji huwaona wanachama wake wakiuza mmoja mmoja kando ya shamba, kwa bei aitakayo mwenye gari. Na mkulima wa vitunguu hufungiwa lumbesa, ingawa sheria ya vipimo imeikataza. Ndiyo sababu habari ya fundi asiyetimiza ahadi ni habari ya bei ya gunia.

Chama kinapoamua kufufua lori la zamani badala ya kununua jingine, uamuzi huo mara nyingi ni wa busara. Lori la tani saba hubeba magunia ya alizeti zaidi ya mia kwa safari moja. Chesisi ikiwa haijapinda wala haijapasuka, injini yaweza kufumuliwa, gia boksi na difu zikafunguliwa, breki na springi zikafanywa upya, na gari likaendelea kufanya kazi kwa miaka. Kinachoharibu hesabu, aghalabu, ni muda. Kazi iliyoahidiwa kwisha kwa wiki sita huingia mwezi wa tano, na Katibu kila aendapo huambiwa: “Katibu, vumilia kidogo, spea iko njiani. Njoo Jumatatu.” Jumatatu hizo zina idadi, na hakuna aliyeziandika.

Mazoea ya kumngoja fundi yana historia yake. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi zake zikaangukia mamlaka za mazao na vijiji. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1982 ilivirudisha, lakini ilivirudisha katika wakati mgumu kuliko wote kwa mwenye gari. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimechukua malori mengi. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda tena mwaka 1979. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na lori zima liliweza kulala miezi mingi kwa kukosa tairi, betri au nozeli. Katika hali hiyo fundi alikuwa mtu wa kubembelezwa. Yeye ndiye aliyejua ni nani mwenye spea, na yeye ndiye aliyeweza kuchonga bushi kwa kipande cha chuma alichookota. Waliomngoja hawakuwa wajinga. Hapakuwa na njia nyingine.

Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, mlango ulianza kufunguka. Leo maduka ya Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, yamejaa spea, na kutoka Singida ni barabara ya lami ya kilomita zipatazo 700. Kifurushi kikipakiwa basi asubuhi, jioni kinaweza kuwa kimefika. Taabu ya siku hizi ni spea bandia zaidi kuliko spea kukosekana. Uhaba umekwisha, lakini adabu ya kungoja iliyozaliwa na uhaba imebaki pale pale, na wapo mafundi wanaoishi kwa adabu hiyo.

Inafaa kueleza jinsi ucheleweshaji wenyewe unavyotokea, maana wengi hudhani ni uvivu tu. Chama hupeleka lori likiwa linatembea, au linavutwa, na hulipa nusu ya fedha siku hiyo hiyo. Fundi hufumua injini kesho yake asubuhi. Haraka hiyo huwafurahisha wajumbe wa Bodi, kumbe ndiyo iliyowafunga. Gari likishafumuliwa halina miguu. Krenki iko kwa mchongaji, kichwa cha injini kiko juu ya meza, bolti zimo katika debe la dizeli pamoja na bolti za gari la mtu mwingine. Fundi wa pili hukataa kufunga kile ambacho hakukifungua yeye, na ana haki kukataa. Hapo malipo ya awali ya chama yamekwisha kununulia spea za lori lililotangulia, ambalo mwenyewe naye alikuwa akipiga kelele. Lori la chama litafungwa kwa malipo ya mteja atakayekuja baadaye. Gereji ya namna hiyo haina wizi wa wazi. Inaendeshwa kwa deni la mtu mmoja kulipia deni la mwenzake, na siku wateja wapya wakikosekana, magari yote yaliyo uani husimama kwa pamoja.

Jambo la pili ni baya zaidi. Lori lililokaa uani muda mrefu huanza kupungua. Stata nzuri huazimwa “kwa siku mbili” ikafungwa gari jingine. Nozeli hubadilishwa. Tairi la akiba na jeki havionekani. Katibu akiuliza, huambiwa kwamba gari lililetwa hivyo hivyo, na hana karatasi ya kumjibu. Usemi wa zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari ulisemwa kwa ajili ya maghala na fedha, lakini hakuna mahali unapotimia upesi kama katika uwanja wa gereji.

Kwa hiyo siku ya kukabidhi ndiyo siku kubwa kuliko zote. Kabla funguo hazijatolewa, Katibu, dereva na mjumbe mmoja wa Bodi walizunguke gari pamoja na fundi, na hati ya makabidhiano iandikwe papo hapo: namba ya chesisi na ya injini, namba zilizopigwa kwenye pampu ya dizeli, stata na alteneta, namba za kila tairi, betri na aina yake, jeki, spana, turubai, kiasi cha mafuta katika tangi. Picha za simu zipigwe. Wote watie sahihi, nakala moja ibaki gereji na nyingine iwekwe katika jalada la gari. Kadi ya gari isiachwe gereji kwa sababu yoyote. Mahali pake ni sefu ya chama. Kazi hii huchukua saa moja na nusu, na fundi mwaminifu huifurahia kuliko yeyote, kwa kuwa humwepusha na lawama ya kitu ambacho hakukichukua.

Mapatano ya kazi yataje mambo yanayopimika. Neno “kutengeneza injini” halitoshi. Krenki ikisagwa, hupunguzwa kwa vipimo maalumu, kwa kawaida robo ya milimita kwa hatua, yaani 0.25, 0.50, 0.75, na beringi zitakazonunuliwa sharti ziwe za kipimo kile kile. Fundi anayenunua beringi kabla krenki haijapimwa anapiga ramli kwa fedha ya wakulima. Basi mapatano yaseme kwamba injini itafunguliwa na kupimwa kwanza, vipimo viandikwe, na orodha ya spea itolewe baada ya hapo, ikionesha kila kifaa, kipimo chake na bei. Hadi orodha hiyo isomwe mbele ya Bodi, kisilipwe kitu zaidi ya ujira wa kufungua.

Spea chama kizinunue chenyewe. Hili huwaudhi mafundi, kwani wengine hupata kishungi chao dukani. Na hakuna ubaya kuongeza kidogo katika ujira kuliko kufumbia macho faida iliyofichwa. Mtu wa chama aende dukani na fundi, alipe, achukue risiti ya mashine ya kodi yenye jina la chama, na arudi na vifaa. Mkaguzi wa COASCO hawezi kuridhika na kikaratasi kilichoandikwa “spea mbalimbali”. Na vifaa visiachwe gereji vyote kwa siku moja. Vitoke stoo ya chama kadiri kazi inavyofika, pistoni siku ya pistoni, gasketi siku ya kufunga.

Malipo nayo yafuate hatua za kazi: sehemu injini ikishafungwa na kuunguruma, sehemu gia boksi na breki zikiwa tayari, na sehemu ya mwisho, isiyo ndogo, baada ya safari ya majaribio yenye mzigo. Kufunga injini mezani si kumaliza. Moshi wa buluu wakati gari likipanda kilima humaanisha injini inakula oili; moshi mweusi mzito humaanisha dizeli haiungui sawasawa, na pampu yahitaji kupimwa. Dereva wa chama ajue tofauti hiyo, asije akatia sahihi kwa kuvutiwa na rangi mpya. Rangi huwa ya kwanza kumalizika katika gereji mbovu.

Sasa habari ya sheria, ambayo makatibu wengi hawaitumii. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamtaka mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine aitunze kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe. Asipoirudisha kwa wakati unaopasa, kwa kosa lake, hasara itakayoipata mali hiyo tangu wakati huo ni juu yake. Kwa upande mwingine, sheria hiyo hiyo inampa fundi haki ya kulizuia gari mpaka alipwe ujira wa kazi aliyoifanya, isipokuwa pale mapatano yanaposema vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho yana thamani. Chama chaweza kuandika katika mapatano kwamba ubishi wa malipo ukitokea, fedha inayobishaniwa itawekwa mahali wanapoafikiana na lori litatoka. Bila kifungu hicho, chama chenye haki kitalumbana juu ya salio dogo huku lori likikaa uani msimu mzima.

Tarehe ya kumaliza iandikwe, na iandikwe pia kwamba muda ni sharti la msingi kwa sababu ya msimu wa mazao. Hapa kuna mtego. Sharti hilo likivunjwa, kisha chama kikakubali kulipokea gari kwa kuchelewa bila kutoa taarifa yoyote, haki ya kudai fidia ya ucheleweshaji hupotea. Taarifa ya kwamba fidia itadaiwa sharti itolewe wakati ule ule wa kupokea. Katibu aliyefurahi kuliona lori limetoka, akatia sahihi na kushika njia, amesamehe kwa niaba ya wanachama bila ya kuwauliza. Fidia yaweza pia kutajwa katika mapatano kwa kiasi cha kila siku. Mahakama itatoa kiasi cha haki kisichozidi hicho. Tuseme kukodi lori kwa safari moja ni shilingi 400,000, na chama kimelazimika kukodi safari 12 wakati lori lake liko gereji: hizo ni shilingi 4,800,000, na stakabadhi za kukodi ndizo ushahidi. Ziwekwe katika jalada la gari, si katika mfuko wa dereva.

Haitakuwa haki kumaliza bila kumsemea fundi. Gereji nyingi za mkoa huu ni za mtu mmoja na vijana wawili watatu, hazina mkopo wa benki, na zimedhulumiwa na wateja wakubwa kuliko ilivyo kinyume chake. Vipo vyama vilivyopeleka lori kabla mkutano mkuu haujapitisha fedha, vikamwacha fundi na injini wazi miezi mitatu, kisha vikamlaumu kwa kuchelewa. Vipo pia vinavyobadili kazi katikati: Jumanne mjumbe anataka bodi ya mbao, Ijumaa mwingine anataka ya chuma. Mtu mmoja tu, aliyetajwa kwa jina katika mapatano, ndiye aongee na fundi. Na kila nyongeza ya kazi iandikwe pamoja na siku itakazoongeza.

Kuhusu wakati wa kuanza, msimu wa mvua ndio unaofaa, Desemba au Januari, shughuli za usafirishaji zinapokuwa chache. Lori linalopelekwa Aprili kwa matumaini ya kutoka Mei limekwisha kukosa msimu. Na likitoka, lisipakiwe tani saba siku ya kwanza. Injini iliyofungwa upya yahitaji mizigo myepesi na mwendo wa taratibu katika kilomita zake za mwanzo, oili ibadilishwe mapema kuliko kawaida, na maji na oili vitazamwe kila asubuhi. Fundi aliyefanya kazi vizuri hulaumiwa bure pale dereva anapolipandisha Mlima Sekenke na mzigo kamili katika wiki ya kwanza.

Spea za zamani zilizotolewa ni mali ya chama. Pistoni, beringi, gasketi na nozeli zilizochakaa zidaiwe zote siku ya makabidhiano, zihesabiwe dhidi ya orodha ya zile mpya, na zifungwe katika gunia lenye tarehe na namba ya gari. Kifaa kipya kilicholipiwa ambacho cha zamani chake hakionekani kiulizwe hapo hapo, kabla ya malipo ya mwisho. Gunia hilo likae stoo mpaka mkaguzi apite.