RUFANI BILA FEDHA YA WAKILI
Hotuba kwa mkutano wa wanachama, Eastlands, Nairobi



Tunataka kusema juu ya siku, maana siku ndizo zinazotupotezea haki. Mtu ameshindwa mbele ya hakimu, labda ni fidia ya mguu uliovunjwa na matatu, labda ni kiwanja cha baba yake. Anarudi Kaloleni au Maringo amenyamaza. Jamaa wanamwambia, "Ngoja mwisho wa mwezi tukuchangie upate wakili." Mwisho wa mwezi unafika, mchango ni nusu, na mlango umefungwa. Sheria inatoa siku 30 tu za kupeleka rufani Korti Kuu. Aliyechelewa aweza kuomba ruhusa, lakini lazima sababu yake imtosheleze jaji.

Basi ukosefu wa fedha usitungojeshe. Kanuni za kesi za madai za mwaka 2010, Amri ya 44, zinamruhusu asiyeweza kulipa ada aombe kukata rufani kama maskini. Ombi hupelekwa pamoja na hati ya sababu za rufani. Jaji akisoma hukumu asione kosa wala dhuluma, hulikataa. Neno hilo "maskini" linawachoma wengine wetu, wenye kazi na kofia ya kazi. Ni neno la karatasi tu. Mjane wa Injili hakuona haya kumsumbua kadhi. Na wapangaji wa Muthurwa, katika nyumba za reli, walikwenda Korti Kuu mwaka 2010, na mwaka 2013 jaji akaamua kwamba haki zao zilivunjwa.

Kuhusu wakili: Kituo Cha Sheria kimewasaidia wasiojiweza tangu 1973. Tena Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliweka idara ya serikali kwa kazi hiyo, na kesi za madai zimo, ila si za kudai deni wala za kuchafuliwa jina. Kama shauri ni la kazi, njoo ofisi ya chama kwanza. Sheria ya Korti ya Kazi ya 2011 inamruhusu ofisa wa chama kusimama kwa niaba ya mwanachama. Jihadharini na wale wanaowavizia watu nje ya korti wakijiita mawakili.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Rufani peke yake haimzuii dalali. Unaweza kuwa umekwisha kata rufani, na kitanda chako kinapakiwa katika lori. Lazima uombe amri nyingine ya kusimamisha hukumu, uiombe bila kukawia, uonyeshe hasara kubwa itakayokupata, na utoe dhamana ambayo korti itaagiza. Hapo ndipo mchango wa jamaa una kazi. Fedha ile tuliyokuwa tukimngojea wakili nayo, iwekwe kwa dhamana.

Na siku ile ile ya hukumu, kabla hujapanda basi kurudi nyumbani, andika barua kwa korti uombe nakala ya hukumu na ya dikrii. Muda ambao korti yenyewe itathibitisha kwamba ulihitajika kutayarisha nakala ya dikrii hauhesabiwi katika zile siku 30. Barua hiyo ipigwe muhuri wa korti, na nakala moja ukae nayo wewe.